Mguu Hupona Nyumbani

Hotuba hii ilitolewa Dodoma mbele ya matabibu, wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mafundi wa viungo saidizi, wazazi, na wazee wanaounga mifupa. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Ndugu zangu, mbukwenyi!

Asanteni kwa kuja. Wapo waliotoka Mpwapwa na Kongwa alfajiri, wapo waliolala njiani kutoka Kondoa, na nawaona akina mama pale mbele na watoto wao. Mtoto akilia, mwacheni alie, msimtoe nje. Leo tunazungumza habari zake.

Naomba kila mmoja autazame mguu wake. Ndani ya wayo mmoja na kifundo chake kuna mifupa 26 na viungo 33, vimefungwa pamoja kwa kano, misuli na nyuzi zaidi ya 100. Miguu yote miwili ina mifupa 52, na mwili mzima wa mtu mzima una 206. Yaani robo ya mifupa yenu iko chini ya kifundo, mahali ambapo wengi wetu tunapaosha haraka haraka jioni na kupasahau.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mgonjwa wa mguu akifungwa plasta leo, anarudi baada ya wiki. Wiki ina saa ngapi? Semeni kwa sauti. 168! Katika hizo 168, tabibu anakuwa na huo mguu kwa muda gani? Tukijipendelea, saa 1. Zimebaki 167. Saa hizo nani yuko na mguu?

Hilo ndilo swali langu la leo, na nitalirudia mpaka mlichoke. Tafiti za mguu, za watoto wachanga, za wenye ukoma, za wenye kisukari, za walioteguka, zimefanywa na watu tofauti katika nchi tofauti, na zinakutana mahali pamoja: tiba inayoshinda ni ile inayobaki mguuni baada ya mgonjwa kutoka mlangoni petu. Na kazi ya kuhakikisha inabaki ni yetu kabla haijawa yake.

Nianze na watoto.

Duniani, mtoto 1 hivi katika kila 1,000 huzaliwa na mguu kifundo. Jirani zetu wa Uganda walihesabu katika hospitali zao wakapata 1.2 kwa kila 1,000. Wavulana ni kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao wana tatizo miguu yote miwili. Mnaujua: kisigino kimepanda juu, wayo umejikunja kwa ndani, unyayo unatazama unyayo mwenzake. Akina mama, nisikilizeni vizuri. Hukurogwa. Hukuvunja mwiko. Hukula kitu ulichokatazwa. Mguu huo ulijikunja tumboni mtoto akikua, na mpaka leo hakuna kosa la mama lililokutwa pale. Baba aliyekaa nyuma naye asikie, na mama mkwe apelekewe habari hii nyumbani.

Kulikuwa na daktari anaitwa Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca, Hispania, mwaka 1914. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka kwao alitibu majeruhi, kisha akakimbilia Ufaransa, akaenda Mexico akawa daktari wa kijijini, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko akafuatilia watu waliopasuliwa mguu kifundo walipokuwa watoto. Alikuta nini? Miguu migumu. Miguu dhaifu. Miguu inayouma. Imenyooka ukiitazama, lakini mwenye mguu anachechemea. Akarudi maabara akazitazama nyuzi zinazoshika mifupa ya mtoto mchanga kwa hadubini, akaona zimejikunja mawimbi mawimbi. Kitu chenye mawimbi kinavutika kidogo kidogo bila kukatika. Akajiuliza, basi kisu cha nini?

Mwishoni mwa miaka ya 1940 akaanza kuunyoosha mguu kwa mikono na plasta. Mwaka 1963 akaandika matokeo yake. Madaktari wengi wakayapita, wakaendelea kupasua kwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 1995 wenzake, Cooper na Dietz, wakawatafuta wagonjwa wake wa zamani, watu 45 wenye miguu 71, wastani wa umri wao ukiwa miaka 34. Watu wazima, wenye kazi na familia. Katika kila 100, 78 walikuwa na matokeo mazuri au mazuri sana. Watafiti wakapima kwa kipimo hicho hicho watu ambao hawakuwahi kuugua mguu, wakapata 85. Sikieni tofauti hiyo: 78 kwa 85! Mtu aliyezaliwa na mguu kifundo amekaribia aliyezaliwa mzima.

Tuingie kwenye mikono yenyewe, maana njia hii wengi wanaitaja na wachache wanaishika sawasawa.

Weka mtoto anyonye kwanza. Aliyeshiba hapigi mateke. Tafuta kichwa cha talasi, yaani ule mfupa unaokaa juu ya kisigino. Kwenye mguu huu utakipapasa kama kinundu kigumu mbele ya kifundo, upande wa nje. Kidole gumba chako kinakaa hapo na kinazuia. Mkono wa pili unaipeleka sehemu ya mbele ya wayo kuelekea nje, taratibu, kama unayefungua kifuniko unachoogopa kukivunja. Na kisigino? Usikiguse. Kiache huru, kwa sababu lazima kizunguke chenyewe chini ya talasi. Daktari mmoja wa Marekani, Kite, alikuwa mpole wa mikono kama Ponseti, lakini kidole gumba chake alikiweka pembeni mwa wayo, mbele kidogo ya kisigino. Kisigino kikazuiwa. Wagonjwa wake wakakaa kwenye plasta muda mrefu zaidi kwa matokeo hafifu. Tofauti ni sentimita chache za kidole gumba! Ponseti mwenyewe aliliita kosa la Kite, na bado linafanyika.

Plasta ya kwanza ina kazi moja tu: kuinua mfupa wa kidole gumba cha mguu ili sehemu ya mbele ilingane na ya nyuma. Ukimaliza, unyayo utaonekana umegeuka ndani kuliko mwanzo, na mama atashtuka. Mwambie mapema. Usipomwambia atadhani umeharibu, na wiki ijayo hatarudi.

Pamba iwe nyembamba. Ikiwa nene, mguu unaogelea ndani. Funga chini ya goti kwanza, ikishakauka endelea mpaka juu ya paja, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Lazima ipite goti, kwa nini? Plasta fupi ya mtoto mchanga huvuka kama soksi, tena haiwezi kuushika mguu usizunguke. Badilisha kila baada ya siku 5 hadi 7. Plasta 4 hadi 6 kwa kawaida zinatosha kufikisha wayo nyuzi 60 hadi 70 kwa nje. Kabla ya hapo usiusukume wayo kwenda juu hata kama mama anakuuliza kisigino kitashuka lini. Ukisukuma mapema, mguu utapindia katikati na unyayo utakuwa kama chini ya mtumbwi. Mguu wa namna hiyo ni mgumu kuuokoa kuliko ulivyokuja.

Mwishoni, watoto wengi huhitaji kano ya kisigino ikatwe. Ni tundu dogo, kwa ganzi ya pale pale, sentimita 1 au 1 na nusu juu ya kisigino. Utasikia kano imeachia na wayo utapanda nyuzi 15 hadi 20 zaidi. Kisha plasta ya mwisho, wiki 3, na kano inaota tena yenyewe.

Na plasta ya zamani itolewe lini? Asubuhi, kliniki, muda mfupi kabla ya kufunga mpya. Mama akiambiwa ailoweke nyumbani jana yake jioni, mguu unakesha ukirudi ulikotoka.

Nyumbani, mama, kazi yako ni vidole. Bonyeza kidole gumba cha mtoto: kinakuwa cheupe, ukiachia kinarudi na rangi yake ndani ya sekunde 2 au 3. Kikibaki cheupe, kikiwa cha buluu, kikiwa cha baridi, usisubiri siku ya kliniki. Hesabu vidole. Vilikuwa vinaonekana vyote jana na leo vimezama ndani? Plasta imevuka. Iondolewe siku hiyo hiyo, maana plasta iliyovuka inafinyanga mguu vibaya.

Hapo tumefikia wapi? Mguu umenyooka. Mama anafurahi, baba amepiga picha. Na hapo, ndugu zangu, ndipo tiba inapoanza.

Baada ya plasta ya mwisho mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa kwa upau. Upana wa upau ni sawa na upana wa mabega yake. Mguu uliokuwa kifundo unatazama nje nyuzi 60 hadi 70. Ule mzima, kama upo, nyuzi 30 hadi 40. Kwa miezi 3 ya kwanza anavaa saa 23 kwa siku. Baada ya hapo anavaa usiku na anapolala mchana, mpaka afike miaka 4 au 5. Tuhesabu tena. Saa 23 kwa siku 90 ni saa 2,070. Saa 12 kila usiku kwa miaka 4 ni saa 17,520. Jumla saa 19,590. Saa hizo nani yuko na mguu?

Mwaka 2004 Dobbs na wenzake walichapisha utafiti uliouliza: mguu uliorudi kujikunja, ulirudi kwa nini? Ukali wa mguu siku ya kwanza haukueleza. Umri wa kuanza tiba haukueleza. Kilichoeleza ni viatu kutovaliwa: kwa asiyevaa, uwiano wa kurudi na kutorudi kwa mguu ulikuwa mara 183 ya ule wa aliyevaa. Nimesema 183, sikukosea. Katika tafiti za tiba hiyo si tofauti ya kawaida. Jambo la pili lililojitokeza, kwa kiasi kidogo zaidi, ni elimu ya wazazi.

Wengi wakisoma hapo wanafunga kitabu na kusema, mama mzembe. Nakataa. Tena nakataa kwa nguvu. Mama aliyebadilisha daladala mbili kila wiki kwa wiki 6 na mtoto mwenye plasta mbili si mzembe. Ukimwuliza kwa upole aliacha lini, atakwambia: usiku wa pili. Mtoto alilia, bibi akasema mnamtesa mjukuu wangu, kisigino kikatoka lengelenge, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba usiku wa pili huwa hivyo. Elimu inayokosekana pale ni dakika 20 za maelezo yetu.

Basi tuyaseme hapa. Siku 2 za kwanza mtoto atalia. Miguu haijazoea kufungwa pamoja. Mshike upau, mkunje na kumnyoosha magoti yote mawili kwa pamoja kama mchezo, mpaka ajue kwamba akisukuma miguu yote inakwenda. Soksi za pamba, siku hizo za mwanzo pea mbili. Usimpake mafuta palipokuwa pekundu. Ngozi inalainika na kuchubuka zaidi. Wekundu kidogo si neno. Lengelenge nyuma ya kisigino maana yake kiatu kimelegea na kisigino kinasugua. Watu wengi hufanya kinyume, wanazidi kulegeza, na kesho yake kidonda kimekuwa kikubwa.

Mafundi, nanyi nawageukia. Uganda kuna kiatu kilichobuniwa na Michiel Steenbeek, kinatengenezwa kwa ngozi, mbao na chuma cha kawaida, vitu ambavyo fundi wa mji huu anavipata bila kuagiza nje. Kina tundu dogo nyuma, usawa wa kisigino. Unachungulia pale: ukiona kisigino kimeshuka, kimekaa, usipokiona, fungua uanze upya. Tundu hilo limempa mama jicho la mtaalamu. Mafundi waliosomea pale Moshi, kwenye chuo chetu cha viungo bandia kilichoanza 1981, kiatu hiki kinawawezesha. Tatizo ni kwamba mtoto anakua, kiatu kinabana, na saizi inayofuata haipo. Mama akikosa kiatu wiki 2 amekosa mguu. Tuwe na saizi inayofuata kabatini kabla haijahitajika.

Ratiba ya kumwona mtoto nayo iandikwe kwenye kadi yake: baada ya wiki 2 za viatu, baada ya miezi 3, kisha kila miezi 4 mpaka miaka 3, kila miezi 6 mpaka miaka 4. Na tupige simu siku ya 3. Simu ya dakika 2. Hakuna upasuaji wa bei hiyo. Wala hatuhitaji kungoja madaktari bingwa: Malawi walionyesha kwamba matabibu wakifundishwa vizuri wanaifanya kazi hii kwa mafanikio.

Niende kwa mguu mwingine. Mguu usiohisi.

Wazee wa Hombolo wanaujua ukoma. Makazi ya wenye ukoma yalikuwa pale. Zamani watu waliamini nyama ya mwenye ukoma inaoza na kudondoka. Paul Brand, daktari wa mifupa aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia 1946, hakuridhika na imani hiyo. Alifuatilia kidonda kimoja kimoja, akiuliza kilitoka wapi. Kingine kilitoka kwenye sufuria ya moto. Kingine msumari ndani ya kiatu. Na vipo vidole vilivyopotea usiku bila mtu kujua. Akawaweka watu macho usiku, wakaona: panya! Panya walikuwa wanatafuna vidole, na mwenyewe amelala kwa sababu hasikii. Brand akagawa paka.

Mnadhani hiyo ni ya India ya zamani? Mwaka 2005 Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Kisukari kinaua mishipa ya fahamu ya miguu kama ukoma unavyoiua. Mgonjwa anaamka, anaona damu kwenye shuka. Maumivu hakuna. Asiposikia maumivu, atakimbilia kliniki kwa lipi?

Maumivu ndiyo mlinzi wa mguu. Wewe ukikaa vibaya dakika 10 unageuka bila kuambiwa. Wewe ukikanyaga mwiba wa mgunga unaruka. Mwenye mguu usiohisi anatembea nao mpaka Bahi.

Kumtambua mtu huyo hakuhitaji mashine. Mwambie alale, avue soksi, afumbe macho. Mwambie atakapohisi kuguswa aseme kulia au kushoto. Kwa ncha ya kidole chako cha shahada gusa, sekunde 1 au 2, kidole gumba, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Ni vidole 6. Gusa tu kama nzi aliyetua, usibonyeze, usichome, na usirudie kidole ambacho hakukijibu. Akikosa viwili au zaidi, miguu yake iko hatarini. Kipimo hiki kilitoka Ipswich, Uingereza, 2011, na kinafanyika chini ya mti kijijini sawa na wodini.

Sasa amekuja na kidonda chini ya unyayo, usawa wa kidole gumba, kimezungukwa na sugu nene. Hakimuumi. Amepaka dawa miezi 4. Kwa nini hakifungi? Kwa sababu kila hatua anayotembea anakipasua upya. Dawa inapakwa mara 1 kwa siku, na kidonda kinakanyagwa mara elfu kadhaa.

Brand alitumia plasta ngumu, ile mnayoiita hogo, iliyobana mguu mzima mpaka chini ya goti, ili uzito usambae kwenye wayo wote na kwenye muundi. Mwaka 2001 David Armstrong na wenzake Marekani walilinganisha vitu vitatu. Katika wiki 12, vidonda vilivyofunga kwa plasta hiyo vilikuwa karibu 90 katika 100. Kwa buti la kuvua na kuvaa, 65. Kwa kiatu nusu, kinachobeba kisigino tu, 58. Jamani, buti lile likipimwa maabara linaondoa mgandamizo karibu sawa na plasta. Kwa nini basi lishindwe? Mwaka 2003 wakafunga vipima hatua kwa siri kidogo, kimoja kiunoni kwa mgonjwa, kingine kwenye buti. Katika hatua zote alizotembea, buti lilikuwa mguuni kwa hatua 28 katika kila 100. Usiku anakwenda msalani bila buti. Asubuhi anafagia bila buti.

Wakafanya nini, wakawahubiria? Mwaka 2005 walichukua buti lile lile wakalizungushia bandeji inayojishika juu lisivulike kirahisi. Uponyaji ukapanda kutoka 52 hadi 83 katika 100. Buti ni lile lile! Kilichobadilika ni kwamba halitoki. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari leo inakitaja kifaa kisichovulika, cha kufika goti, kuwa chaguo la kwanza kwa kidonda cha unyayo kisicho na maambukizi wala upungufu wa damu.

Na plasta ni jasi iliyochomwa. Jasi inachimbwa Itigi, mwendo wa reli kutoka hapa tulipo. Nalitaja hili kila mara kwa sababu watu wanadhani tiba hii ni ya nchi tajiri.

Lakini sikieni pa kutofunga. Papasa mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani; kama hakuna, usifunge, peleka rufaa. Kidonda kinanuka, kina usaha, ngozi imevimba nyekundu, usifunge. Ukiingiza kichokonoo kisafi na kikagonga mfupa, usifunge, mfupa huenda umeingiliwa. Vinginevyo, chonga sugu yote kwa kisu mpaka kingo ziwe laini, funika kidonda kwa shashi, weka sponji vidoleni na kwenye vifundo, shika wayo nyuzi 90, funga. Plasta ya kwanza ibadilishwe ndani ya siku 2 au 3. Mguu uliovimba hupungua ndani ya plasta, plasta ikalegea, na plasta inayocheza kwenye mguu usiohisi inachonga kidonda kipya pembeni. Ukimwambia arudi baada ya wiki 3 umemtengenezea bomu.

Kuna mguu mmoja unatudanganya wote. Mgonjwa wa kisukari anakuja, wayo umevimba, wa moto, mwekundu, kidonda hana, maumivu kidogo au hana. Tunasema maambukizi, tunampa antibiotiki. Tunasema gauti. Yeye anaendelea kutembea, na mifupa ndani inapondeka kama biskuti. Daktari Mfaransa Charcot aliuelezea ugonjwa huu wa viungo karne ya 19, na mwaka 1936 Jordan akauhusisha na kisukari. Mlaze, nyanyua mguu juu dakika 5 hadi 10. Wekundu ukififia, fikiria Charcot. Ukibaki vile vile, fikiria maambukizi. Linganisha joto la miguu miwili. Tofauti ya zaidi ya nyuzi joto 2 ni ishara nzito. Na eksirei ya wiki ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa, isikutoe njiani. Funga plasta siku hiyo hiyo, na usiache kufunga mpaka joto la miguu lilingane. Ni miezi. Mwambie ni miezi, tena mwambie mbele ya mkewe au mwanawe.

Viatu je? Sina ugomvi na katambuga. Tairi linazuia mwiba kuliko kandambili. Ninagombana na misumari yake. Soli ikilika, ncha inachomoza kwa ndani. Mwenye mguu usiohisi akiipindua katambuga na kupitisha kiganja ndani kila asubuhi, amejitibu. Na baridi yetu ya Juni na Julai, ule moto wa mkaa tunaouzunguka jioni, yeye akae mbali nao. Hatajua kama anaungua.

Kwa kuteguka nitapita haraka, maana bodaboda zinatuletea wengi na kila mtu anataka eksirei. Mwaka 1992 Ian Stiell wa Ottawa, Kanada, aliona wanaopigwa picha ya kifundo ni wengi, na walio na mvunjiko ni chini ya 15 katika 100. Akatafuta njia ya mkono. Bonyeza ukingo wa nyuma wa nundu ya nje ya kifundo, sentimita 6 za chini mpaka nchani, kisha ya ndani vivyo hivyo. Bonyeza mzizi wa mfupa wa kidole kidogo, pembeni katikati ya wayo, na mfupa wa upande wa ndani mbele ya kifundo. Mwulize kama aliweza kupiga hatua 4 pale alipoumia, na mwambie apige 4 mbele yako, hata kwa kuchechemea. Mfupa hauumi popote hapo na hatua 4 anapiga? Picha si ya lazima. Mwaka 2003 tafiti 27 zenye wagonjwa zaidi ya 15,000 zilijumlishwa, na mivunjiko iliyopita bila kuonekana ilikuwa chini ya 2 katika 100. Lakini kanuni hii inategemea maumivu. Kwa mguu usiohisi, au kwa mlevi, usiitumie.

Wazee wetu mnaounga mifupa, nawaomba jambo moja kwa heshima. Asiyeweza hatua 4 msimchue wala kumkanda maji ya moto kabla hajapigwa picha. Mkono wenye nguvu juu ya mfupa uliopasuka kidogo unaweza kuutenganisha. Mleteni kwanza, akirudi kwenu na picha, mtajua mnashika nini. Na aliyeteguka vibaya bila kuvunjika, utafiti wa Uingereza wa 2009 wenye watu 584 uligundua kwamba plasta ya siku 10 chini ya goti iliwarudisha kwenye hali nzuri mapema kuliko bandeji ya kuvuta. Kufika miezi 9 walikuwa sawa wote. Siku 10, si wiki 6.

Nimeongea vya kutosha. Mezani pale kuna mdoli na pea 3 za viatu vya upau. Njooni kwa zamu, wazazi kwanza, na akina baba msijifiche nyuma. Mtavalisha kila mmoja. Kiatu chenye mikanda, mkanda wa kifundo ndio wa kwanza, mingine baadaye. Kisha vuta mguu wa mdoli juu na chini: vidole vikitembea mbele na nyuma, kisigino hakijashuka, fungua. Vikitulia, chukua kalamu, chora mstari kwenye soli ya ndani pale vidole vinapoishia. Huo mstari ndio utautazama nyumbani saa 8 ya usiku.